Helikopta ya Rais wa Marekani: Jinsi Zabuni Yenye Ushindani Ilivyopanda kutoka Dola Bilioni 6 hadi 13

Katika ununuzi wa umma kuna kanuni ambayo ni nadra kubishaniwa: wazabuni wakiwa wengi bei hushuka, na mzabuni akiwa mmoja serikali huumia. Kisa cha helikopta za rais wa Marekani kinaitia kanuni hiyo mashakani, kwa sababu serikali ileile iliingia sokoni mara mbili ndani ya muongo mmoja kutafuta kitu kilekile. Mara ya kwanza, mwaka 2005, kampuni mbili kubwa zilishindana vikali, na mradi ukaishia kuvunjwa baada ya zaidi ya dola bilioni 3 kutumika. Mara ya pili, mwaka 2014, alijitokeza mzabuni mmoja tu, na helikopta zote 21 zilizoagizwa zikakabidhiwa bila gharama kuvuka makadirio ya mwanzo. Kwa maoni yangu, idadi ya wazabuni inaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Sehemu kubwa imo ndani ya kabrasha la zabuni lenyewe, yaani katika yale yaliyokuwa yameamuliwa, na yale yaliyoachwa yaamuliwe baadaye, siku mkataba ulipotiwa saini.

Helikopta hizi huendeshwa na kikosi cha HMX-1 cha jeshi la Marine, chenye makao yake Quantico, jimbo la Virginia, na jina la Marine One hutumika pale tu rais mwenyewe anapokuwa ndani. Mwanzoni mwa karne hii kikosi kilikuwa na VH-3D 11, zilizoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, pamoja na VH-60N 8 zilizofuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Zote zilitengenezwa na Sikorsky ya Stratford, Connecticut, kampuni ambayo imekuwa ikiwabeba marais tangu enzi za Eisenhower. Zilikuwa zimezeeka, lakini uzee peke yake haukuwa umeleta haraka. Haraka ililetwa na Septemba 11, 2001, siku ambayo Rais Bush alikaa angani kwa saa kadhaa huku mawasiliano yake na wasaidizi wake yakikatikakatika. Mwishoni mwa mwaka 2002 Ikulu ya White House iliagiza Wizara ya Ulinzi iharakishe upatikanaji wa helikopta mpya, ili ya kwanza ianze kuruka kabla ya muongo kwisha.

Agizo hilo ndilo lililopanga kila kitu kilichofuata. Jeshi la Wanamaji, ambalo ndilo hununua ndege kwa niaba ya Marine, lilijua kwamba muda uliotolewa hautoshi kubuni chombo kizima kuanzia mwanzo, likaamua kuugawa mradi katika awamu mbili. Awamu ya kwanza ingeleta helikopta chache haraka, zenye uwezo wa kadiri, ili pengo lizibwe. Awamu ya pili ingeleta helikopta 23 zenye uwezo kamili. Kwenye karatasi mpango huo ulionekana wa busara. Tatizo ni kwamba usanifu, majaribio na utengenezaji vilipangwa vipandane, kiasi kwamba helikopta za awamu ya kwanza zilikuwa zikiundwa kiwandani wakati mahitaji ya awamu ya pili yakiendelea kujadiliwa ofisini.

Washindani walikuwa wawili. Sikorsky ilileta S-92, helikopta yenye injini mbili ambayo tayari ilikuwa ikiuzwa kwa wateja wa kiraia. Upande wa pili ulikuwa na Lockheed Martin, ambayo wakati huo haikuwa mtengenezaji wa helikopta bali bingwa wa kuunganisha mifumo ya kielektroniki katika kiwanda chake cha Owego, New York. Lockheed iliungana na AgustaWestland, kampuni ya Kiitaliano na Kiingereza yenye helikopta ya injini tatu iitwayo EH101, na Bell ya Texas. Ili EH101 isionekane ya kigeni mno ilipewa jina jipya, US101. Sikorsky nayo ilipiga kampeni ya wazi kwamba rais wa Marekani hapaswi kupandishwa chombo kilichobuniwa Ulaya. Wabunge wa Connecticut wakasimama upande mmoja, wa New York upande mwingine, na kwa miezi mingi hoja ya ajira majimboni ikasikika kuliko hoja ya uzani wa helikopta, ingawa uzani ndio ulioumaliza mradi.

Januari 28, 2005, Jeshi la Wanamaji lilimtangaza mshindi kuwa Lockheed. Sababu zilizotolewa ni kwamba pendekezo lake lilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukidhi mahitaji kwa wakati, kwa hatari ndogo na kwa gharama nafuu. Mkataba wa usanifu ulikuwa wa dola bilioni 1.7, na mradi wote, ukihesabu helikopta 23 za kazi na nyingine 5 za awamu ya kwanza, ulikadiriwa kufikia dola bilioni 6.1.

Hapa ni vizuri kusimama kidogo na kuuliza: wazabuni wale wawili walishindania nini hasa? Mtu anayenunua magari 50 ya aina inayojulikana anashindanisha bei za kitu kinachoonekana. Hapa kitu chenyewe hakikuwapo. Kilichoshindanishwa kilikuwa makadirio, na makadirio hayakuwa yakimfunga aliyeyatoa, kwa sababu sehemu kubwa ya mkataba wa usanifu iliandikwa kwa utaratibu wa kumlipa mkandarasi gharama zake halisi na kumwongezea zawadi kulingana na utendaji. Katika mazingira hayo, mzabuni anayekadiria kwa uangalifu, akaweka akiba ya matatizo yasiyojulikana, anaonekana ghali na anashindwa. Anayekadiria kwa matumaini anashinda, na matumaini yake yakikosea, bili inakwenda kwa walipa kodi. Sisemi kwamba Lockheed ilidanganya, na hakuna ripoti ya ukaguzi iliyodai hivyo. Ninachosema ni kwamba utaratibu ulikuwa umepangwa kuwapa ushindi wenye matumaini, na mnunuzi mwenyewe, akibanwa na tarehe aliyopewa, alitamani kuyaamini matumaini hayo.

Baada ya saini hali ya soko ilibadilika kabisa. Siku moja kabla, serikali ilikuwa na kampuni mbili zinazoibembeleza. Siku iliyofuata ilikuwa na moja, na kuiacha kulimaanisha kuanza upya na kupoteza miaka. Kila sharti lililofafanuliwa kuanzia hapo lilipewa bei bila mshindani wa kuuliza kama bei hiyo ni ya haki. Na masharti yaliyohitaji kufafanuliwa yalikuwa mengi, kwa sababu uchambuzi wa kina wa mahitaji, ambao kwa kawaida hufanywa kabla ya mkataba, ulikuwa umesogezwa mbele ili kuokoa muda.

Tuchukue sanduku moja tu la mawasiliano tuone linavyosafiri ndani ya helikopta. Ikulu inataka simu na data za siri zipatikane wakati wote chombo kikiwa angani, na vifaa vihimili mshtuko wa sumakuumeme unaotokana na mlipuko wa nyuklia. Sanduku lina kilo zake, lakini kilo hizo ndizo ndogo. Kuna nyaya, kinga ya nyaya, mfumo wa kupoza joto na umeme wa kuendesha vyote hivyo. Helikopta ikizidi uzani, njia rahisi ni kupunguza mafuta au abiria. Hata hivyo, masharti yalishataja abiria 14 na umbali ambao ni lazima ufikiwe, kwa hiyo njia hiyo ilikuwa imefungwa. Kinachobaki ni kuongeza nguvu. Injini yenye nguvu zaidi hudai giaboksi inayoweza kuihimili. Giaboksi hiyo hudai mapanga mapya ya rota. Mapanga mapya yanadai mkia urefushwe. Kila badiliko linaongeza kilo zake lenyewe, kisha linadai majaribio ya kuthibitisha upya kwamba chombo ni salama kuruka. Hivyo ndivyo awamu ya pili ya VH-71, kama ilivyokuja kuitwa, ilivyogeuka kutoka helikopta iliyopo sokoni ikawa helikopta mpya yenye injini, giaboksi, mapanga na mkia tofauti na ule wa EH101 iliyoshinda zabuni. Ni mwenye nyumba aliyebadilisha ramani wakati kuta zimeshafika kwenye lenta, akashangaa kwamba fundi anataka pesa nyingine.

Juu ya nani alaumiwe kulikuwa na mvutano mrefu. Upande wa mkandarasi ulisema serikali iliongeza masharti baada ya saini. Upande wa serikali ulisema masharti yalikuwapo tangu mwanzo na kwamba mkandarasi hakuelewa uzito wake. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, na jambo hilo lenyewe ni ushahidi mkubwa: ikiwa mnunuzi na muuzaji wanaweza kusoma kabrasha lilelile na kuona helikopta mbili tofauti, basi kabrasha halikuwa tayari kushindaniwa.

Helikopta ya majaribio iliruka kwa mara ya kwanza Yeovil, Uingereza, Julai 2007. Desemba ya mwaka huohuo kazi ya awamu ya pili ilisimamishwa ili hesabu zipitiwe upya, na hesabu hizo zikatoa dola bilioni 11.2. Januari 2009 Jeshi la Wanamaji liliarifu Bunge rasmi kwamba mradi umevunja kikomo cha sheria ya Nunn-McCurdy. Sheria hii ya miaka ya 1980, inayobeba majina ya Seneta Sam Nunn na Mbunge Dave McCurdy, inasema kwamba gharama ya kila chombo ikipanda kwa asilimia 25 juu ya makadirio ya msingi yanayotumika, au asilimia 50 juu ya makadirio ya awali, mradi unahesabiwa kuwa umekufa isipokuwa Waziri wa Ulinzi athibitishe kwa maandishi kwamba ni wa lazima, kwamba hakuna mbadala wa bei nafuu zaidi, na kwamba hesabu mpya ni za kuaminika. Ni sheria nzuri, lakini kengele yake hulia wakati fedha zimeshatumika.

Mwezi uliofuata suala hilo lilitoka kwenye meza za wahasibu likaingia kwenye taarifa za habari. Katika mkutano wa Ikulu kuhusu nidhamu ya matumizi, Seneta John McCain, aliyekuwa ameshindwa urais miezi michache kabla, alimwambia Rais Obama mbele ya wageni kwamba helikopta yake sasa itagharimu sawa na ndege ya Air Force One. Obama alijibu kwamba helikopta aliyonayo inamtosha, akatania kuwa pengine amekuwa akinyimwa kitu bila kujua kwa vile hajawahi kumiliki helikopta, kisha akasema mradi huo ni mfano wa taratibu za ununuzi zilizokwenda mrama. Kisiasa, VH-71 ilikuwa imekwisha siku hiyo.

Aprili 6, 2009, Waziri wa Ulinzi Robert Gates alitangaza kwamba atapendekeza mradi usitishwe. Kwa hesabu yake, mradi uliokusudiwa kuleta helikopta 23 kwa dola bilioni 6.5 ulikuwa umevuka bilioni 13, umechelewa kwa miaka sita, na bado haikuwa hakika kwamba ungetoa uwezo ulioombwa. Ukigawa bilioni 13 kwa helikopta 28 unapata zaidi ya dola milioni 460 kwa kila moja. Mkataba ulivunjwa rasmi Juni 1 mwaka huo. Baadhi ya wabunge walitaka angalau helikopta za awamu ya kwanza zikamilishwe, kwa hoja kwamba mabilioni yameshalipwa na vyombo vinaonekana kwa macho. Gates alikataa, akieleza kwamba helikopta hizo hazikidhi mahitaji na zingedumu kati ya miaka 5 na 10 tu, ilhali zile zilizotakiwa kubadilishwa zilikuwa zimeruka kwa zaidi ya miaka 30. Uamuzi huo uliwaudhi wengi, lakini nauona kuwa sahihi: fedha iliyokwisha kutumika haipaswi kuwa hoja ya kutumia nyingine. Mwaka 2011 Kanada ilizinunua helikopta zote 9 zilizokuwa zimetengenezwa kwa dola milioni 164, ikazifanya akiba ya vipuri kwa ajili ya Cormorant zake za uokoaji, ambazo ni za ukoo huohuo wa EH101.

Safari ya pili ilianza taratibu, na utaratibu huo ulikuwa wa makusudi. Jeshi la Wanamaji lilitumia miaka kadhaa kupima njia mbadala na kukaa na ofisi ya kijeshi ya Ikulu kukata masharti, sharti kwa sharti, hadi yakabaki yale yanayoweza kubebwa na helikopta ambayo tayari ina cheti cha kuruka bila kuguswa injini, giaboksi wala mapanga yake. Mfumo wa mawasiliano, ambao ndio uliokuwa chanzo cha kilo na migogoro, serikali iliamua kuusanifu yenyewe na kumkabidhi mkandarasi ukiwa umekamilika, ili asiwe na nafasi ya kusema hakuuelewa. Aina ya mkataba nayo ilibadilika: badala ya kulipa gharama zozote zitakazojitokeza, uliwekwa mkataba wa bei maalumu wenye ukomo, ambapo gharama ikizidi lengo pande mbili zinagawana maumivu hadi kwenye dari, na kinachovuka dari ni cha mkandarasi peke yake.

Mwaliko wa zabuni ulitoka Mei 2013. Waliotarajiwa kushindana waliusoma na kuondoka mmoja mmoja. Bell na Boeing hawakuleta V-22 yao, chombo kinachopaa kama helikopta na kuruka kama ndege, na Northrop Grumman, iliyokuwa imeungana na AgustaWestland, nayo ikajitoa. Alibaki Sikorsky na S-92 ileile iliyoshindwa mwaka 2005, safari hii akiwa na mshirika wa kumfungia mifumo ya kielektroniki: Lockheed Martin ya Owego. Mei 7, 2014, Sikorsky ilipewa mkataba wa dola bilioni 1.24 wa kusanifu na kutoa helikopta 6 za mwanzo, 2 kati ya hizo zikiwa za majaribio, ndani ya mradi uliokadiriwa kufikia dola bilioni 5 hivi.

Kwa mtaalamu wa ununuzi, zabuni yenye mzabuni mmoja ni dalili ya ugonjwa, na ni halali kuuliza kama masharti hayakuwa yamekatwa kwa kipimo cha S-92. Jibu la kweli ni kwamba ukisema unataka helikopta kubwa iliyokwisha kuthibitishwa, isiyohitaji usanifu mpya, unakuwa umepunguza soko wewe mwenyewe. Lakini serikali haikuwa mnyonge mezani. Ilikuwa imeshaonyesha, miaka mitano kabla, kwamba inaweza kuufuta mradi wa rais mwenyewe hata baada ya kutumia mabilioni, na kila mtu kiwandani alilijua hilo. Tishio la kuondoka, linapoaminika, hufanya sehemu ya kazi ambayo mshindani angeifanya. Juu yake, S-92 ilikuwa na historia ya mauzo kwa makampuni ya mafuta na serikali nyingine, kwa hiyo bei ya chombo chenyewe haikuwa siri ambayo muuzaji mmoja angeweza kuigeuza apendavyo.

VH-92A, jina lililopewa S-92 iliyoandaliwa kwa ajili ya rais, iliruka mara ya kwanza Julai 28, 2017, ikatangazwa kuwa tayari kwa kazi Desemba 2021, na ya mwisho kati ya 21 ikakabidhiwa Agosti 2024, mwezi uleule ambao Rais Biden aliipanda kwa mara ya kwanza mjini Chicago. Wakaguzi wa GAO, ofisi ya Bunge inayofuatilia matumizi ya serikali, walirekodi gharama ya mradi ikishuka chini ya makadirio ya mwanzo, jambo ambalo katika ripoti zao za kila mwaka halionekani mara nyingi. Haikuwa safari safi. Mfumo wa mawasiliano ulisumbua kwa miaka, na katika majaribio ya Septemba 2018 joto la injini liliunguza nyasi za bustani ya kusini ya Ikulu, mahali ambapo helikopta hiyo ilinunuliwa ili itue. Lakini matatizo haya yalikuwa ya chombo kilichopo, na hakuna kati yao lililoiongezea serikali mabilioni.

Asije mtu akahitimisha kwamba siri ilikuwa S-92. Kanada ilichagua helikopta hiyohiyo mwaka 2004, kwa zabuni ambayo EH101 ilishindwa, ili iwe msingi wa CH-148 Cyclone za kuwinda nyambizi. Zilitakiwa kuanza kuwasili mwaka 2008. Jeshi lilizipokea rasmi za kwanza mwaka 2015. Mkaguzi Mkuu wa Kanada aliandika mwaka 2010 kwamba wizara ilikichukulia kama chombo kilicho tayari sokoni kitu ambacho kwa kweli kilihitaji usanifu mkubwa, ikapuuza ugumu na hatari zake. Helikopta ileile, mtengenezaji yuleyule, na ushindani ulikuwapo. Kilichokosekana ni kilekile kilichokosekana kwa VH-71.

Kuna jambo moja ambalo mafanikio ya pili hayakulitatua, na pengine yamelifunika. Novemba 2015, mwaka mmoja na nusu baada ya mkataba wa VH-92A, Lockheed Martin iliinunua Sikorsky yote kutoka United Technologies kwa takriban dola bilioni 9. Kwa hiyo kampuni iliyoshinda mwaka 2005 sasa inaimiliki ile iliyoshindwa, na VH-92A ilifungwa mifumo yake katika kiwanda kilekile cha Owego kilichokuwa kitovu cha VH-71. Vipuri, matengenezo na maboresho ya helikopta hizi 21 kwa miongo mitatu au minne ijayo vitajadiliwa na muuzaji huyo mmoja, tena safari hii bila kabrasha lililokwisha kukatwa sharti kwa sharti, kwa kuwa hakuna anayeweza leo kuandika redio ya mwaka 2045 itahitaji nini. Kwa kawaida, katika vyombo vya kijeshi, kuvitunza hugharimu zaidi ya kuvinunua, na ripoti za ukaguzi za miaka hiyo ndizo zitakazoonyesha kama dari ya bei iliyomfunga mkandarasi mwaka 2014 ilimfunga kweli, au ilimwelekeza tu mahali pengine pa kurudisha faida yake.